Mkono wa Daktari Shukani

Daktari wetu huziba kibofu cha mama kilichotoboka kwa uzazi. Hukata ngozi laini ndani ya shavu la mgonjwa mwenyewe, akaitia kiraka. Asubuhi baada ya mpira wa mkojo kutolewa, haulizi kitu. Hupapasa shuka kwa mgongo wa kiganja, polepole, kama mzazi anayepima homa ya mwanawe. Likiwa kavu hunigeukia mimi mfagizi, anacheka: “Dada, leo umekosa kazi, shukuru Mungu.”

Juzi mkono ule ulisimama katikati ya kitanda cha binti mmoja.

“Ni chai, daktari,” binti aliwahi kusema. “Nimemwaga chai.”

Kikombe hakikuwapo. Daktari akaketi kitandani.

“Chai umeisingizia bure, mwanangu. Ni kiraka changu hakikushika.”

“Pole, daktari. Na ulivyohangaika!” Kisha akajifunika uso. “Mume wangu yuko njiani. Nilimpigia jana mpira ulipotoka, nikamwambia nimepona.”

Nilileta shuka safi, lakini daktari hakuinuka. Koti lake jeupe lililowa naye amekaa palepale, kichwa chini, kama anayemngoja mkwe.