Mlango wa Kati wa Chumba 612

Siku yangu ya kwanza kazini nilitandika kitanda kimoja mara kumi na moja. Mkuu wa Idara ya Vyumba, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, alisimama mlangoni, na kila nilipomaliza alilivuta shuka lote chini akasema, "Tena." Mara ya kumi na moja hakusema kitu. Alijiondokea, nami nikaelewa kwamba nimepata kazi. Nilikuwa nimetoka Upare, nimepanga chumba kimoja Mabibo, na sikuwahi kulala hotelini. Hata leo nimestaafu sijawahi. Vitanda nimevitandika visivyo na idadi, kulala nimelala kwangu.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya ghorofa tisa, upande huu wa Kinondoni, na jina lake halina haja hapa. Waliniweka kwanza chumba cha kufulia, chini kabisa, ambako miezi minne nilikunja taulo. Baadaye Msimamizi wa Ghorofa, mwanamume mpole asiyependa ugomvi, akaomba nipandishwe ghorofa ya sita. Nikapewa toroli, yaani kile kigari cha kubebea mashuka na sabuni, na ufunguo wa ghorofa, unaofungua vyumba vyote vya ghorofa moja. Siku hiyo nilijiona mkubwa kuliko mwenye hoteli.

Vijana wanaoanza kazi hii leo hupenda kuniuliza mgeni gani ni msumbufu zaidi. Wanategemea nitasema mlevi, au tajiri. Nawaambia ni mtoto wa chini ya miaka sita. Mtu mzima hutumia kitanda, bafu na kiti kimoja, basi. Mtoto hukitumia chumba kizima, mpaka chini ya zulia. Wakija wageni wenye watoto, tuliandaa chumba kwa namna yake: glasi zinapanda juu ya kabati, kamba za mapazia zinafungwa fundo juu, mlango wa baraza unafungwa na ufunguo wake unakaa mapokezi, godoro linawekewa mpira chini ya shuka. Biskuti tulizikuta ndani ya foronya. Michoro ya kalamu ukutani tuliifuta kwa dawa ya meno, na ilitoka, mkitaka jaribuni.

Familia nyingi zilipewa vyumba pacha. Ni vyumba viwili vilivyopakana, na katikati yake pana milango miwili iliyopeana mgongo, kila chumba na wake. Ule wa chumba hiki una komeo upande huu tu, ule wa chumba kile una komeo upande ule tu. Yote miwili ikiwa wazi, wazazi na watoto wanapita bila kutoka koridoni. Mmoja ukifungwa kwa komeo, aliye upande wa pili hana la kufanya. Mkuu wa Idara alitufundisha kwamba chumba kikishasafishwa, mlango wa kati hufungwa, ili mgeni anayefuata asije akaingiliwa na jirani. "Mkono wako uujue mlango huo kabla ya akili yako," alisema. Aliyasema kwa nia njema, na mkono wangu ulitii.

Chumba 612 na 614 vilikuwa pacha. Mwaka wangu wa pili ikaingia humo familia kutoka Tanga, watu wenye asili ya Kiarabu, wafanyabiashara. Mdogo wake mama alikuwa anaolewa Kinondoni, na nyumba ya harusi ilijaa wageni mpaka watu wanalala ubavu kwa ubavu, ndipo baba akaona bora wakae hotelini. Mama tulimwita Mama Nasra, kwa jina la bintiye wa kwanza. Nasra alikuwa na miaka mitano. Mdogo wake, Hamudi, ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Watoto walilala 612, wazazi 614, na milango ya kati ilikuwa wazi mchana na usiku.

Nasra alinipenda bila sababu. Alinifuata na kitambaa, akifuta nilipokwisha kufuta.

"Anti, wewe unakaa chumba namba ngapi?"

"Mie nakaa Mabibo."

"Mabibo ndiyo ghorofa ya ngapi?"

Nilicheka mpaka Msimamizi akachungulia.

Siku ya tatu, Ijumaa, baba alikwenda msikitini. Mwanamke aliyekuja kumpaka mama hina alikwisha maliza kazi yake na kuondoka, akamwacha Mama Nasra kitini chumba 614, hina mbichi mikononi mpaka kwenye viwiko na miguuni mpaka juu ya vifundo. Anayejua hina anajua kwamba hapo mtu hashiki kitu wala hakanyagi. Alikuwa amenyoosha mikono mbele, anasubiri ikauke. Nami nilikuwa 612 nasafisha. Watoto sikuwaona, nikadhani wako kwa mama yao. Mama naye alisikia nyendo zangu, akadhani wako kwangu.

Walikuwa nyuma ya pazia refu la dirishani. Nasra alikuwa akicheza kujificha, amembana mdogo wake mdomo asicheke. Nilitandika, nikafuta, nikaangalia bafu, nikageuka kutoka. Nikipita pale katikati, mkono wangu ukausukuma mlango na kutia komeo. Sikuwaza lolote. Nilikuwa nafikiria chakula cha mchana. Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea. Nikatoka kwa mlango wa koridoni, nikasukuma toroli langu mpaka mwisho wa ghorofa.

Nilikuwa 621 niliposikia mlango unapigwa, na sauti ya mwanamke inaita watoto wake. Nilikimbia. Mama Nasra alikuwa ndani ya 614 anaupiga mlango wa kati kwa viwiko, hina imepaka mbao zote.

"Wamo mle! Nasikia maji! Fungua, fungua jamani!"

Nikaenda mlango wa koridoni wa 612, nikatia ufunguo wangu. Haukuzunguka. Chini ya kitasa, kwa ndani, palikuwa na kikomeo kidogo cha kuzungusha, kimo cha mtoto, na mtu alikuwa amekizungusha. Kikifungwa hicho, ufunguo wa ghorofa haufui dafu. Unahitajika ufunguo wa dharura, na ule uko mmoja tu, kwa Meneja wa Zamu, chini. Nilimwambia Msimamizi akaulete. Alikimbia, lifti ikamkawiza, akashuka ngazi. Nikabaki mimi na mlango.

Maji yalikuwa yanamwagika kweli. Nilipiga magoti, nikaweka mdomo karibu na kitasa. Nilitaka kupiga kelele, lakini nilijua mtoto akigombezwa hujificha tena.

"Nasra, mwanangu. Ni anti hapa. Maji ya nani hayo?"

"Ya Hamudi. Namuogesha harusi."

"Haya. Hamudi amekaa au amesimama?"

Maji yakaendelea kumwagika. Kisha akasema, "Amelala."

Sijui niliipata wapi sauti niliyoitumia. Nilimwambia, "Njoo hapa mlangoni, shika kile kidude chini ya kitasa, zungusha." Akasema mama amekataza kufungua mlango. Nikamwambia mama yuko nami, anataka Hamudi aje avae. Nyuma yangu mama mwenyewe alikuwa ametoka 614, ananyanyua mikono ile hewani, akasema, "Fungua, mama. Sigombi." Kikomeo kikazunguka.

Hamudi alikuwa kwenye hodhi la kuogea, chali, maji yamefika mashavuni, masikio yote yamezama, macho yanaangalia taa. Hakulia. Nilipomnyanyua ndipo alipolia, na mimi nikakaa sakafuni pamoja naye, nimelowa mwili mzima, namshukuru Mungu kwa Kipare. Ingekuwa dakika mbili zaidi, nisingekuwa na kumbukumbu za kazi za kuwaandikia.

Kisha wakubwa wakaja. Meneja wa Zamu na ufunguo wake, Mkuu wa Idara na miwani yake. Mkuu alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kati na kuliangalia komeo.

"Limefungwa kutokea huku," akasema. "Nani kafunga?"

Mama alionyesha mikono yake. Si yeye, na kila mtu aliona. Mkuu akanigeukia.

"Wewe ulipotoka, mlango huu uliuachaje?"

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Barua ya kuajiriwa moja kwa moja ilikuwa mezani kwake, inangoja sahihi. Nilikuwa na mtoto wa kike mchanga Mabibo, na baba yake alikwisha kwenda zake. Siyasemi haya kujitetea. Nayasema kwa sababu ndivyo vilivyopita kichwani kwa wakati mfupi ule.

"Niliuacha wazi, mkuu."

Basi wakabaki wawili mle ndani waliokuwa na mikono, na mmoja hajui hata kuvaa kandambili. Mama akamshika Nasra kwa vidole vya hina, akamfinya sikio.

"Umemfungia mwenzio, wewe? Milango yote miwili?"

"Wa huku ndiyo mimi," Nasra akasema, anaonyesha wa koridoni. "Wa kule si mimi."

"Muongo mkubwa!"

"Wallahi si mimi, mama! Wa kule si mimi!"

Akapigwa kofi la kwanza mbele yetu, na baba aliporudi kutoka msikitini nilisikia la pili. La pili lilikuwa la uongo, si la maji. Nasra aliniangalia. Mtoto wa miaka mitano hajui kwamba mtu mzima anaweza kunyamaza makusudi, alidhani nimesahau. Kesho yake asubuhi alinifuata koridoni, akanivuta aproni.

"Anti, mwambie mama wa kule si mimi."

Nikamwambia, "Usijali, mama ameshasahau."

Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, kuliko hata pale mbele ya Mkuu. Pale niliogopa. Hapa nilikuwa nimekwisha kulala usiku mzima, nikafikiri, nikachagua.

Barua yangu ilitiwa sahihi wiki hiyohiyo, na juu yake Meneja Mkuu akaniandikia pongezi kwa "utulivu wakati wa hatari". Baada ya miaka michache nikawa Msimamizi wa Ghorofa, nikahamishiwa hoteli nyingine ya kampuni hiyo kule Kawe, nikarudi kama Naibu Mkuu wa Idara, na mwisho nikaikalia meza ya yule mama wa miwani. Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tunavyofundishwa. Yangu ilinifikisha kwenye pensheni.

Kitu kimoja nilikibadilisha. Kila mhudumu niliyemfundisha, kwenye chumba cha watoto, hatoki kabla hajasimama katikati na kusema kwa sauti, "Natoka jamani, natoka, natoka," kisha akangoja. Mtoto aliyejificha hawezi kuvumilia akisikia mtu anaondoka, lazima acheke au ajitokeze. Na komeo la mlango wa kati haligusi mpaka amewaona kwa macho. Wahudumu walinitania, wakaniita Mama Natoka. Wamewakuta watoto kabatini, chini ya vitanda, mmoja ndani ya toroli. Hakuna aliyewahi kuniuliza desturi hiyo nimeitoa wapi.

Siku ya kuniaga walikata keki, na Meneja Mkuu, kijana wa juzi tu, akasimulia habari ya mtoto wa hodhi kama alivyosimuliwa. Alimalizia kwa kusema, "Dada yake alimfungia, mama huyu akamfungua." Watu wakapiga makofi. Nilikula keki yangu.

Mjomba wake Nasra alikuwa na duka la vitambaa Kinondoni. Siku zile za harusi ndiye aliyekuwa akija kuwachukua na gari, na alinikaribisha dukani kwake. Miaka yote ya kazi nilipopita barabara ile nilipita upande wa pili. Mwezi mmoja baada ya kustaafu nilivuka. Alikuwa palepale, amezeeka, anapima doti kwa rula ya mbao. Nilimsalimu, nikamwambia nilikuwa mhudumu wa hoteli waliyofikia wageni wa harusi ya mdogo wake.

"Alaa! Ya Nasra Makomeo!" akacheka. "Mpaka leo tunamwita hivyohivyo. Kaolewa, ana watoto wawili. Kitu kikipotea tu nyumbani, sahani, ufunguo, watu wanasema muulizeni Makomeo."

"Yeye anasemaje?"

"Zamani akilia. Siku hizi hasemi kitu."

Nikamwomba anipigie simu. Alidhani ninataka kumsalimu mtoto niliyemjua, akapiga, akanipa. Sauti ya mwanamke mzima ikasema, "Shikamoo." Sikuitikia marahaba, niliona siistahili. Nilijitambulisha, na kabla ujasiri haujanitoka nikasema kwamba mlango wa kati wa 612 niliufunga mimi, kwa mkono wangu, na nilipoulizwa nilisema uongo ili nisikose kazi, na asubuhi ile koridoni nilijua vizuri anachoniomba. Mzee alikuwa ameacha kupima.

Nilisikia televisheni, na mtoto anauliza kitu, na Nasra anamwambia subiri. Nilitegemea matusi, au simu ikatwe. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Anti," akasema, "mama yuko hapa kwangu. Ngoja niweke spika. Sema tena, polepole, na utaje mlango."

Nikasema tena.