Bega la Kushoto

Nilianza kukata kitambaa kabla mtu yeyote hajaniomba. Habari ya kifo cha Jaduong' ilinifikia Jumatatu asubuhi dukani kwangu Migori, na kufikia saa nne nilikuwa nimetandaza kitambaa cha rangi ya majivu mezani, nakichora kwa chaki. Vipimo vyake nilivijua kwa kichwa. Nilitaka jambo moja tu: koti atakalozikwa nalo litoke mikononi mwangu.

Jaduong' ndilo jina la heshima ambalo wazee huitwa kwetu, na mjini ukilitaja hivyo bila kuongeza kitu, watu walijua ni yeye. Alikuwa meneja wa tawi la benki kwa miaka mingi. Wengine watawaambia kuhusu tangi la maji alilojengea shule ya msingi kwao Rusinga. Watawaambia pia kuhusu wanawake wanaoosha dhahabu Masara, ambao aliketi nao juu ya mawe, suruali ameikunja hadi magotini, akiwaeleza namna ya kuweka akiba na asimcheke aliyetia sahihi kwa kidole gumba. Mimi nakumbuka zaidi boksi la miwani nyuma ya gari lake. Akimwona bibi anayeishika Biblia mbali na macho, alimjaribisha miwani moja baada ya nyingine palepale barabarani, mpaka bibi apige kelele, "Hii! Hii!"

Mimi sikusomea ushonaji. Nilijifunza kwa kufumua makoti ya mitumba, nikiandika daftarini kila mshono ulipo kabla ya kuukata. Kwa kuwa sikuwa na cheti, watu waliniletea zipu na pindo za suruali tu. Yeye ndiye wa kwanza kuniletea koti. Alikuja Jumapili, maana alikuwa Msabato na Jumamosi ilikuwa ya kanisa.

"Nimesikia wewe hufumua mshono mara tatu ndipo uridhike," alisema.

"Mara nne," nilimjibu kwa aibu.

"Basi wewe ni wangu."

Alisema kwa mzaha. Mimi niliyachukua maneno yale nikayaweka moyoni jinsi yalivyo.

Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, karibu vidole viwili. Makoti yake yote yalimlegea upande huo, na watu walidhani ni mzembe wa mavazi. Nilimshonea koti la bluu: pedi ya kushoto tabaka tatu, ya kulia tabaka moja, vyote vikafichwa chini ya bitana. Alipojitazama kwenye kioo aligeuka huku na huku mara kadhaa, nikaanza kuogopa. Kisha akaniambia kwamba akiwa kijana alibeba mawe ya dhahabu kule Osiri, gunia baada ya gunia, bega lilelile, ili ajilipie karo.

"Bega hili ndilo lililonisomesha. Nyumbani wanajua niliumia kwenye mpira."

"Mbona usiwaambie, Mzee?"

"Wanangu wakijua, kila nikiwalipia karo watadhani nawasuta."

Siri ile ilinifanya nijione mtu. Naiandika leo bila jina lake, tena kwa Kiswahili, ambacho wanawe waliokulia mbali hawakisomi.

Kisha muuza vifungo mmoja akaniletea habari: Jaduong' amempeleka msichana wa Homa Bay chuoni akasomee ushonaji. Cheti, cherehani mpya ya umeme, kila kitu. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Nilikaa siku kadhaa nikimchukia mtu ambaye sikuwa nimemwona. Jumapili iliyofuata nilimwuliza, nikijifanya natania, "Na mimi je, Mzee, hunipeleki shule?"

Akacheka. "Wewe nikupeleke ukafundishwe nini?"

Najua sasa kwamba alikuwa ananisifu. Siku ile niliunguza suruali ya mwalimu mmoja kwa pasi.

Kwa hiyo mjane wake aliponipigia simu, nikiwa nimeshaunganisha mikono ya lile koti la majivu, nilijua kabla hajamaliza salamu. "Usijisumbue, mwanangu. Yule msichana wa Homa Bay ameshaanza suti. Wewe njoo tu tumzike baba yenu."

Nikasema sawa, Mama. Nikakata simu, nikaendelea kushona.

Mazishi yalikuwa Jumapili, siku yake ya kuja kwangu. Nilisafiri na lori la kanisa mpaka Homa Bay, tukavuka Mbita, tukaingia Rusinga. Katika mfuko wangu kulikuwa na lile koti likiwa tayari, sindano, uzi wa rangi mbili na mkasi mdogo. Njia nzima niliomba. Niliomba koti la yule msichana liwe bovu, bega limwanguke mbele ya watu, Mama ashtuke na kuuliza, "Fundi wa Migori yuko wapi?" nami nijitokeze. Hayo ndiyo maombi niliyoyapeleka kwa Mungu asubuhi ile.

Foleni ya kumuaga ilikuwa ndefu. Nilipofika kwenye jeneza, kioo kilimwonyesha hadi kifuani. Sikutazama uso kwanza. Nilitazama bega la kushoto.

Lilikuwa sawa kabisa. Halikulegea, halikujikunja kwapani. Nilitafuta kasoro kwenye kola, kwenye mshono wa mkono, mpaka mzee wa kanisa aliyesimamia foleni akanigusa mgongo.

"Omera, ndugu yangu, unampima ama unamuaga?"

"Mwache," mama mmoja nyuma yangu akasema, "labda ni fundi wa jeneza anaangalia kama limetosha."

Watu wakacheka chinichini. Nikatoka pale nikilia, na wakadhani nalilia kifo. Nilikuwa nalilia siri yangu. Kumbe alimwambia na yeye pia.

Nilimkuta yule msichana nyuma ya hema la chakula, anakula samaki haraka kama mtu ambaye hajala tangu jana. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomchora akilini, na vidole vyake vilikuwa vimetobolewa na sindano kama vyangu.

"Wewe ndiye umeshona ile suti?"

"Ndiyo. Na wewe ni fundi wa Migori."

"Nani amekuambia?"

"Nimekuona. Watu wote wameangalia uso. Wewe umeangalia bega."

"Alikuambia kuhusu hilo bega?"

"Jaduong'? Hakuniambia kitu. Mimi nilikuwa namshonea shati tu. Mama ndiye aliniletea ile koti yako ya bluu nitoe vipimo. Nikafungua bitana, nikakuta tabaka tatu huku na moja huku. Nikajiambia, huyu fundi ama ni mwehu ama anajua kitu. Nikafuata vile ulifanya."

Nilipaswa kuridhika. Badala yake nikauliza swali ambalo mpaka leo linanipa haya. "Alikuwa ananitaja?"

"Hata siku moja," akasema, akichomoa mwiba mdomoni. "Kwani mimi alinitaja kwako?"

Hakuwa amemtaja. Hakuwahi kumtaja mtu yeyote. Nilitazama ua lile lililojaa watu, nikaelewa kwamba wengi wao waliamini kama mimi, kwamba Jaduong' alikuwa wao peke yao. Alitutunza kama benki inavyotunza mambo ya wateja: kila mtu na faili lake, na hakuna anayeonyeshwa la mwenzake.

"Lakini lilikuwa na nini, hilo bega?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema. Ulikuwa wivu mtupu. Sikuwa na kitu kingine nilichomzidi.

"Na hiyo mfuko umebeba nini?"

"Nguo za kubadilisha."

Akanawa mikono, akaniletea koti la bluu, bitana likiwa bado limefumuliwa. "Mama amesema ni ya kijana wao mkubwa. Funga wewe. Mishono yako mimi siiwezi." Laiti angekuwa na majivuno, ningerudi nyumbani na chuki yangu nzima.

Mwana mkubwa wa Jaduong' alikuja Migori kabla ya kurudi ng'ambo. Alipolivaa koti, bega la kushoto lilimsimama juu kama mtu anayetaka kuuliza swali. Nikafungua, nikatoa tabaka mbili. Akaziokota mezani, akazigeuza.

"Fundi, hizi zilikuwa za nini?"

Jibu lilinijia hadi kwenye ulimi. Nilimwonea wivu mtu huyu kuliko nilivyomwonea yule msichana, mabega yake yaliyonyooka, yasiyowahi kubeba kitu. Kwa sentensi moja ningeweza kuyainamisha. Na angenikumbuka maisha yake yote.

"Fasheni ya siku zile," nikasema. "Walipenda mabega makubwa."

"Dad na fasheni!" Akacheka, akaaga, akavuka barabara akiwa amelivaa. Lilimkaa vizuri.

Lile la majivu bado linaning'inia nyuma ya pazia. Mara moja moja mteja hulijaribu, likamkataa upande wa kushoto, akaniuliza kama naweza kulirekebisha. Namwambia lina mwenyewe.