Joto la Banda la Kuku

Tangu biashara huria ianze nchini, matajiri wa Singida wanataka nyumba zenye joto, nasi wanagenzi tunajifunza kufunga mashine za kuvuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani. Fundi wetu humsifu mwenzangu Neema tu. Wivu umenikaba.

Kwa mteja wetu Bibi Mwajuma, Neema alipanga mashine ya nje ikae ukutani, penye upepo. Fundi aliposafiri, nikaihamishia ndani ya banda la kuku, kwenye joto la bure.

"Bibi akiuliza, mwambie wazo ni langu," nilimwambia Neema.

Asubuhi iliyofuata Bibi akatujia na tetea anayetetemeka ndani ya kanga. Joto lote la banda lilikuwa limehamia chumbani kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Bibi akatunyooshea yule tetea. "Wazo hili la nani?"

"La huyu, Bibi," Neema akasema kwa upole. "Aliniomba nisisahau kukuambia."