Karatasi Niliyomsomea Mama

Nafundisha kusoma darasa la pili huku Mtunda, na wanafunzi wangu wananijua kwa neno moja: "Rudia." Mtoto akiruka neno, hata liwe dogo kiasi gani, namrudisha mwanzo wa sentensi. Sina huruma katika hilo. Wazazi wakilalamika huwaambia kwamba mtoto anayeruka neno gumu leo, kesho ataruka ukurasa. Nayataja haya mapema ili ijulikane kwamba nilichokifanya sikukifanya kwa kutojua.

Mama alikuwa akiishi Maparoni, kule kwenye delta, na amelima mpunga tangu kabla hajaolewa. Alizaa wanaume watatu watupu, mimi nikiwa wa kwanza. Kusoma hakujua. Kadi ya kliniki, ujumbe wa simu, maandishi ya kwenye mfuko wa mbegu, vyote vilingoja mpaka niende. "Mwacheni aje mwalimu wangu," alikuwa akiwaambia majirani waliojitolea kumsomea, na nikifika, kabla sijamaliza hata maji ya kunywa, anainua ncha ya mkeka na kutoa makaratasi aliyoniwekea. Nilikuwa naona raha sana. Sijui kama kuna kitu kingine duniani kilichowahi kunifanya nijione mkubwa kiasi kile.

Mwaka ule kiuno kilianza kumuuma wakati wa kupanda. Akasema ni kuinama. Maumivu yakashuka kwenye paja, kisha mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, kandambili ikawa inamvuka bila yeye kujua. Nikamleta kwangu. Daktari wa Kibiti akamgonga magoti, akamwambia asimame kwa visigino, akaandika apigwe eksirei ya kiuno. Kwa kuwa siku ile foleni ilikuwa kubwa, tulipangiwa siku nyingine, na nikapewa karatasi ya maelekezo ya kumsomea mgonjwa nyumbani.

Nilimsomea alasiri, uani kwangu, yeye akiwa anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa na hofu ambayo hakutaka kuiita hofu.

"Hiyo mashine itaniona mpaka wapi?"

"Mpaka mfupa, mama."

"Hee! Basi haina adabu." Akacheka mpaka chuya zikamwagika.

Nikaendelea. Vaa nguo nyepesi isiyo na zipu wala vifungo vya chuma. Mjulishe mtaalamu kama una ujauzito au unahisi unao. Hapo alicheka tena, akasema hilo wakamuulize marehemu baba yangu huko aliko. Njoo na picha za zamani kama zipo. Utaambiwa utulie, usijitikise, na ubane pumzi kidogo. Picha haiumi. Halafu ukaja mstari wa mwisho: vua saa, hereni, mkufu, bangili, shanga za kiunoni na hirizi.

Nilisoma saa, hereni, mkufu, bangili. Nikakohoa.

"Na hirizi," nikamalizia.

"Hirizi sina, mie mtu wa dua. Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu, mama."

Huenda msomaji wa mbali akaniona mpumbavu, na sitambishia. Lakini huku kwetu mtoto wa kiume na shanga za mama yake ni vitu visivyokutana. Mwanamke huvalishwa na somo yake anapochezwa unyago, na tangu siku hiyo ni siri yake na mumewe. Ukiwa mdogo unazisikia zikilia chini ya kanga mama anapopita, na hakuna anayekufundisha, ila unajua kwamba hukusikia kitu. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, nina cheti cha ualimu, na neno lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Nani angemwambia? Somo yake alishatangulia mbele ya haki. Mke wangu ni mkwe, naye ana haya zake. Alikuwepo mmoja tu, binti yangu wa kidato cha pili. Bibi na mjukuu ni watani. Hao wawili walikuwa wakiitana "mke mwenzangu" na kutukanana mchana kutwa juu ya babu aliyekufa kabla mmoja wao hajazaliwa. Mjukuu husema lolote na bibi hucheka. Lakini binti alikuwa na mtihani wa kujipima, na mimi si mwalimu wa kumtoa mtoto shuleni kwa sababu ya safari ya hospitali. Nikajiambia huko kuna wataalamu, watamweleza wenyewe.

Siku ilipofika mama alivua hereni na bangili zake mbili, akanikabidhi zikiwa ndani ya kitambaa. Mtaalamu wa eksirei alikuwa kijana mpole kutoka nyanda za juu huko. Alimwamkia, akamwonyesha pazia la kubadilishia nguo, akamuuliza kama amevua vyote vilivyoandikwa kwenye karatasi.

"Vyote, baba. Mwanangu huyu mwalimu, kanisomea neno kwa neno."

Alisema kwa sauti ya kusikika na watu wote wa kwenye benchi. Nikatazama sakafu.

Baada ya muda mfupi kijana akafungua mlango na kuniita ndani. Naamini alifanya hivyo kwa nia njema. Aliona mama ni mtu mzima, akataka mwanawe asaidie kueleza. Akanionyesha kioo cha kompyuta. Mfupa wa kiuno ulikuwepo, ila ulikatizwa na vitone vyeupe vilivyopangana, mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine.

"Shanga, mwalimu. Zimekaa palepale tunapopataka. Azivue tu, turudie, ni dakika mbili. Kwani hukumsomea karatasi?"

"Nilimsomea," nikasema.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa meza, pazia limefunguka nusu. Hakuwa akimtazama yule kijana. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa ameona nilichokuwa nakiangalia. Akashuka taratibu, mguu wa kushoto ukiburuta, akajifunga kanga yake juu ya gauni la hospitali, kisha akakumbuka, akarudi nyuma ya pazia kubadilisha. Kijana akamwambia kwa upole kwamba hapakuwa na ubaya wowote, wanawake wengi huja nazo. Akajibu, "Ahsante, baba, kazi njema," akatoka.

Kwenye bajaji kuelekea stendi alisema jambo moja tu, kwamba mashine ile haina adabu. Safari hii hakucheka. Kesho yake alishuka Nyamisati kusubiri maji yajae, akapanda boti ya kurudi Maparoni.

Nilipaswa kumfuata. Nilipaswa kumpeleka binti yangu wiki ileile, mtihani au hakuna mtihani. Badala yake nikawa napiga simu kwa jirani yake, naye mama akipewa simu anasema mguu si mbaya, mpunga umeanza kuchanua, atakuja baada ya mavuno. Na mimi nasema sawa, mama. Ukweli ni kwamba niliona nafuu. Sikutaka macho yetu yakutane, na kila mwezi uliopita ulinipa mwezi mwingine wa kutokutana naye. Aibu ilinifaa mimi, yeye ikamla.

Aliwinga ndege msimu mzima akiwa kwenye dungu lake, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya shamba. Jirani alinieleza baadaye kwamba ngazi alikuwa akiipanda kwa mikono, miguu ikifuata nyuma. Siku moja mpunga umekwisha kukatwa, akashuka na miguu haikumpokea. Walimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka kwenye boti.

Safari hii binti yangu hakuomba ruhusa ya shule. Alikuja nami Kibiti, chumba kilekile, kijana yuleyule. Nilikaa nje ya mlango kwenye benchi, na kwa kuwa mlango haukufungwa vizuri, nikasikia.

"Wee mke mwenza, hayo mashanga bado unamvalia nani? Mume wetu si ameshaoza?"

"Mwangalie huyu! Wivu unakusumbua. Ungekuwa na kiuno kama changu ungesema hivyo?"

"Kiuno au mchi? Hebu vua, mie nakushikia, nisije nikapewa talaka kwa ajili yako."

Mama alicheka. Kicheko chake chote, kilekile cha kumwaga chuya. Nikasikia shanga zikidondoka kwenye kiganja cha binti yangu, kisha kijana akasema bana pumzi, bibi, kisha ikawa imekwisha. Sidhani kama dakika tano zilipita. Nilikaa pale kwenye benchi nikalia mbele za watu, na mzee mmoja aliyekuja na mtoto mwenye mkono uliovunjika akanipa pole, akidhani nimepokea majibu mabaya.

Majibu yalikuja kweli, na yalikuwa mabaya. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imeliwa. Tukapewa rufaa ya Dar es Salaam, akapimwa kwenye ile mashine kubwa inayogonga ambayo mgonjwa huingizwa mzimamzima, na binti alimsimulia mapema kila kitu: kelele, ubaridi, kwamba hata pini ya nywele haitakiwi humo, kwamba kuna kengele ya kubonyeza ukiogopa. Mama aliingia akiwa mtulivu. Alikuwa na uvimbe, nao ulikuwa umebana mishipa ya miguu kwa muda mrefu. Daktari, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliniuliza dalili zilianza lini na kwa nini hatukuja. Nikasema mgonjwa alikuwa mbali. Akafunga faili.

"Uhai wake nisingekuahidi, mwalimu. Lakini miguu tungeiwahi."

Alikaa kwangu Mtunda miezi aliyobakiza. Mtu aliyetembea na mzigo wa mpunga kichwani maisha yake yote akawa anageuzwa kitandani kila baada ya muda kwa ajili ya vidonda. Binti yangu ndiye aliyemgeuza, ndiye aliyemfunga tena shanga zake kila baada ya kumwogesha. Mimi nilikuwa nakaa naye jioni baada ya kazi. Siku hizo mama alirudi kuwa mwema kwangu, akiniita baba, akinitania juu ya mvi zangu. Siku moja, bila mimi kuuliza, akasema:

"Nilikukasirikia, unajua. Ile siku ya mashine."

"Najua, mama."

"Nikawaza sana kule dunguni. Nikaona wewe huna kosa. Ni wale wenye karatasi yao. Wameandika hereni, wameandika bangili, shanga wakasahau. Wangeandika tu, ukanisomea, mie ningezivua nyumbani mwenyewe, basi, nani angejua?"

Alikuwa ananitazama kwa upendo kabisa. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, lilelile, na safari hii hata halikuwa gumu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Walisahau."

Akanipapasa mkono, akaomba maji.

Alikufa wakati watu wa Maparoni wanapanda. Wanawake waliomwosha walitoa shanga, wakazifunga kwenye pembe ya kanga na kumpa binti yangu, kwa kuwa ndiye mke mwenza. Sikuziona, wala sitakiwi kuziona. Nilichowahi kuona ni vile vitone vyeupe kwenye kioo.

Siku hizi majirani wakipangiwa picha huwa wananijia, kwa sababu wanajua nimepita huko. Nawaambia wavue kila kitu, nataja kila kitu kwa jina lake, mbele ya mtu yeyote, mpaka wengine wananiona mzee asiye na haya. Nawaambia kama mgonjwa ni bibi wampeleke na mjukuu. Nawaambia wakiambiwa turudie, warudie palepale.

Juzi binti alikuwa anatafuta kalamu kwenye mkoba wangu wa shule. Katikati ya daftari la maandalio akakuta karatasi, imekunjwa mara nne. Alisoma akiwa amesimama. Yeye huwa haruki maneno, nilimfundisha mwenyewe.

"Baba, hapa wameandika shanga."

"Ndiyo."

"Lakini bibi aliniambia walisahau. Kila siku alikuwa anasema walisahau."

Akaisoma tena, mstari ule wa mwisho tu, kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Kisha akaikunja mara nne kama ilivyokuwa na kuirudisha mahali pake.