Msafisha vioo aliyeachia kamba kuifuata zaka

Saa moja asubuhi, juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na mbili, mwanamume aliyevaa ovaroli ya bluu amepiga magoti mbele ya fundo la kamba. Analivuta, analigeuza, analivuta tena. Kisha anapeleka mkono kifuani, kwenye mfuko wa kushoto wenye zipu, na kuuondoa haraka kama aliyegusa pasi ya moto. Mfuko ni mtupu. Hajawahi kushuka ukiwa mtupu.

"Nani kafunga?" anauliza.

"Mimi," anajibu shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekaa kando ya nguzo ya zege ambako kamba mbili zimefungwa.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Hapo ndipo anapotakiwa kuvuka ukingo. Leo havuki mara moja. Anakaa chini na kuomba maji.

Katika kazi yao ya kusafisha vioo vya maghorofa, anayeshuka hafungi kamba yake mwenyewe, na aliyefunga haondoki juu mpaka mwenzake akanyage ardhi. Maswali yale mawili huulizwa kila mara, hata siku ambazo wamenuniana. "Ukifunga mwenyewe utajiamini," shemeji anaeleza. "Ukifungiwa na mtu, utauliza."

Mwandishi wa makala haya alichungulia chini mara moja tu, akarudi kukaa katikati ya paa na hakusogea tena.

Mwanamume huyu wa ovaroli ya bluu wenzake kazini humwita Bahasha, na jina amelipata kihalali. Kwa miaka mingi, kila alipolipwa alitoa fungu la kumi kabla hajanunua hata chumvi, akalitia kwenye bahasha na kuifungia kifuani. Alipanda nayo na kushuka nayo wiki nzima mpaka Jumapili. Ilipofika kanisani ilikuwa imelowa jasho na kunuka sabuni.

"Yake hatusomi jina," anasema mhazini wa kanisa, mama mtu mzima mwenye kicheko cha chinichini. "Tunaianika kwanza."

Mkewe ni mshonaji, na yeye pia hutoa zaka. Hutoa huku anaimba, mguu ukiwa kwenye cherehani, na akishatoa husahau. Mumewe alikuwa akimshangaza. "Nilikuwa namtania," anasema. "Nikamwambia, baba watoto, wewe humtolei Mungu, unamlipa pesa ya ulinzi. Hakucheka hata kidogo."

Hakucheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Watu waliniona wa kwanza kusimama wakati wa sadaka, wakasema huyu ana imani," Bahasha anasema, akiizungusha chupa ya maji mikononi. "Haikuwa imani. Ilikuwa hofu tupu."

Hofu hiyo aliipata msibani. Baba yake alikuwa mwashi, akaanguka kutoka jukwaa la mbao ghorofa ya tatu, akafa. Bahasha alikuwa ndiyo kwanza anaota ndevu. Siku ya mazishi alimsikia shangazi yake akimnong'oneza jirani: "Alikula fungu la Mungu mwezi huu. Unadhani Mungu hahesabu?"

Maneno hayo hakumwambia mtu. Alikua nayo, akaoa nayo, akapanda nayo maghorofa. Malipo ya jengo moja hulisha familia yake ya watu watano kwa wiki mbili hivi, na mvua zikianza huweza kukaa mwezi bila jengo. Wapo waliomshauri aruke zaka miezi hiyo. Kila akifikiria kuruka, anasema, aliiona mbao ya baba yake ikipinda.

Kisha ikaja ajali. Siku hiyo hakukuwa na upepo wa kutisha. Alikuwa ghorofa ya tisa, kioo cha kona, anakausha maji kwa kifutio cha mpira. Zipu ilikuwa imekufa asubuhi ile, naye akasema ataishona kesho. Alipoinama kuchovya brashi kwenye ndoo inayoning'inia kiunoni, bahasha ikatoka.

"Niliiona inaelea mbele yangu. Karibu kabisa. Nikanyoosha mikono."

Yote miwili. Mkono wa kulia ndio ulioshika breki, kile chuma kidogo kinachobana kamba ili mtu asiporomoke. Alishuka karibu ghorofa nzima kabla kamba ya pili, ile ya akiba, haijamdaka na kumbamiza ukutani kwa bega. Juu, shemeji yake alisikia kishindo. Anasema aliita mara tatu bila kujibiwa, na mpaka leo akisikia mlango umebamizwa, hujikuta anaita tena.

Mlinzi wa jengo aliikuta bahasha kwenye maua. Alimfuata Bahasha pale alipolazwa chini baada ya kuteremshwa, akisubiri gari, akamwambia kwa adabu, "Bosi, umeangusha barua."

Jumapili ile mkono ukiwa umefungwa shingoni, aliipeleka.

Mkewe anapolisimulia jambo hili huacha kushona. "Nilimuuliza, ungekufa ningewaambia nini watoto? Baba yenu aliifuata bahasha? Huyo Mungu angefurahi kuipokea?" Anafuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Nilimkasirikia sana. Bado namkasirikia."

Kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko bega. Alikaa nyumbani miezi miwili bila kipato, na fungu la kumi la sifuri ni sifuri. Hakuwa na cha kupeleka. Mtoto akikohoa, aliamini ni adhabu ya zaka asiyoitoa. Sufuria ikianguka jikoni, alishtuka. Mama yake alipokuja kumuuguza, alimkuta hataki hata kupanda kiti kubadilisha balbu.

Ndipo maneno ya msibani yakamtoka. Alimwambia mama yake kwamba hataki kufa kama mzee, kwa kula zaka.

"Nani kakwambia alikula?" mama akauliza.

"Shangazi. Siku tunazika."

Mama aliweka bakuli la uji chini. 

"Mwanangu, baba yako hakula kitu. Bahasha niliipeleka kwa mkono wangu, Jumapili. Jumatatu akaanguka. Mbao ilikuwa imeoza, na fundi mkuu aliambiwa."

Mtu angetarajia afarijike. Bahasha anasema aliogopa zaidi ya siku zote. "Nilikuwa nadhani najua kinachonishikilia. Kumbe mzee alitoa, na akaanguka. Sasa nimeshikiliwa na nini?"

Swali hilo alilipeleka kwa mchungaji wake, mtu asiyependa maneno mengi. Mchungaji alikiri hajui kwa nini mwashi yule alikufa. Kisha akasema, "Ila zaka si kamba, ndugu yangu. Kamba inanunuliwa dukani. Yenu mliinunua lini?"

Kamba yao ilikuwa ya zamani kuliko mtoto wa mwisho wa Bahasha. Bahasha na shemeji yake waligoma kupanda mpaka mwajiri akanunua mpya, akinung'unika, na nusu ya bei akaikata kwenye malipo yao. Ndizo hizi nyeupe zilizofungwa asubuhi hii kwenye nguzo ya jengo lile lile, siku yake ya kwanza kurudi kazini; bado zina harufu ya dukani. Bahasha ya wiki hii, fungu la malipo ya awali ya jengo hili, iko nyumbani, kwenye droo ya cherehani. Mkewe aliitoa mfukoni mwa mumewe pale mlangoni.

Maji yameisha. Bahasha anaifunga chupa na kuiweka kando.

"Zamani nilitoa ili nishuke salama," anasema. "Jumapili nataka nitoe kwa sababu nimeshuka. Basi. Sijui kama nitaweza. Lakini nikiipeleka bila kuiona ile mbao, nitahesabu ndiyo zaka yangu ya kwanza."

Anasimama, anaufuata ukingo.

"Nani kafunga?"

"Mimi, shemeji."

"Imeshika?"

"Imeshika. Nenda."

Anavuka. Kofia yake inazama taratibu nyuma ya ukingo, na kamba inakaza. Mlinzi, aliyesimama chini akimtazama, atasimulia baadaye kwamba kwenye ghorofa ya tisa, kioo cha kona, Bahasha alisimama kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto ukapanda kifuani, ukapapasa. Wa kulia ulibaki kwenye breki.