Mgongo wa Yaya kwenye Simu za Watu

Hadi leo nikiona mtu anakuza picha kwa vidole viwili kwenye simu, naondoka pale.

Dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, alitokwa na vipele wakati mpox ilikuwa midomoni mwa kila mtu. Alikuwa amelala nyumbani kwetu Makomeno, Lubumbashi, homa kali, vipele vimetapakaa mgongoni hadi shingoni. Nikasema twende hospitali. Mjomba akakataa. Kwetu mgonjwa hatoki nyumbani kabla mjomba hajatoa neno, na yeye hatoi neno kabla hajauliza ukoo.

Siku hizi kuuliza ukoo maana yake ni picha kwenye kundi la ukoo simuni. Akamshusha Yaya shuka.

"Usijifunike. Lazima baone muzuri."

"Mujomba, niko nasikia haya," Yaya akasema, uso ukutani.

"Haya ya nini? Ni ba famille."

Akapiga picha, akasogea karibu, akapiga tena na taa, akazituma. Kisha watu wazima wenye diploma zao wakakaa sebuleni kusikiliza sauti za ndugu zikiingia simuni moja moja. Binamu wa Kinshasa alisema ni zona, yaani mkanda wa jeshi. Shangazi wa Likasi, aliyekiri kwamba simu yake imepasuka kioo, alisema ni ulozi. Hakuna aliyeuliza Yaya anaumwa wapi. Ikaingia sauti ya ndugu mmoja aliyeko Ubelgiji, anayepakia maboksi kwenye ghala, kwa Kifaransa laini kabisa: ni mzio tu, msimpeleke hospitali. Sebule nzima ikaitikia kwa heshima. Mjomba akairudisha sauti ile mara mbili.

"Unasikia? Ule iko Bulaya," akaniambia, utadhani Ulaya nzima imesomea ngozi.

Kulipokucha nilimtoa Yaya kwa mlango wa nyuma, nikampeleka mwenyewe. Hospitalini walimpima, wakakuta ni mpox, wakamtenga na kumtibu, akapona. Mjomba hakuomba radhi. Alisema tu kwamba picha haikuwa na mwanga wa kutosha. Nilitamani kutema mate mbele yake, na sioni aibu kulisema.

Nilidhani uchafu umeishia hapo. Kumbe kuna mtu wa ukoo aliyeituma picha kwingine, na huko wakaituma tena. Yaya aliporudi kuuza vitenge mjini, nilikwenda kumsaidia. Akaja mteja, mama mpole, mwenye kucheka kwa urahisi. Akachagua kitambaa chake, halafu akatuhurumia.

"Bamama, mujichunge. Ile ugonjwa iko mubaya."

Akatutolea simu. Ulikuwa mgongo wa Yaya, juu ya shuka yetu ya maua, na chini yake maandishi: mwanamke huyu wa Lubumbashi alikufa baada ya kudungwa sindano hospitalini.

"Njo maana siye hatuende tena ku hopitali," mama yule akasema. "Bataniua bure."

Nikamtazama Yaya. Neno moja tu lilihitajika, lakini kulisema ni kujivua nguo pale sokoni, mbele ya watu wote. Akaitazama picha.

"Masikini," akasema. "Alikuwa na batoto?"

"Batatu," mama akajibu papo hapo. "Badogo badogo."

Yaya, ambaye hajawahi kuzaa, akamkunjia kitenge chake.