Waya wa Kijani Walioudhani wa Akiba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mvua ikinyesha Tunduma, mama aliyeendesha mashine ya kusaga alipiga kwa kiganja kisanduku cha bati chenye vitufe vya kuwasha na kuzima. Umeme ukamrusha hadi kwenye magunia.

Hakuna aliyeshangaa. Kisanduku kilikuwa kikipiga shoti kwa miezi. Kebo yake ilikuwa na nyaya nne: tatu za kuwasha na kuzima, na wa nne, wa kijani na njano, uliounganisha bati na ardhi. Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa bati, umeme hupita kwenye waya huo wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi, fyuzi ikakatika, mashine ikazima. Mtu hahitaji kusomea chuoni ili aelewe hilo.

Lakini tajiri, mwenye mashine, alitaka taa nyekundu juu ya kisanduku, ili akiwa dukani kwake ng'ambo ya barabara aone kama wanasaga bila kumwambia. Taa ilihitaji waya mwingine.

"Kuna huu wa kijani, tajiri," fundi wake alisema. "Wa akiba tu."

Wakaung'oa kwenye ardhi, wakaufunga kwenye taa. Mtikisiko wa mashine ulipochubua waya mwingine na bati likaanza kupiga, hawakuuliza sababu. Walifunga gunzi la mahindi kwenye kamba, la kubonyezea vitufe. Wateja waliusifu ujinga huo kama uvumbuzi.

Mimi nilikuwa mpima magunia. Nilimwambia tajiri aurudishe ule waya kabla mama yule, aliyelea watoto watatu kwa kazi hiyo, hajapoteza mkono.

"Mwalimu," tajiri alinidhihaki, "mashine inasaga, haisagi?"

"Inasaga."

"Basi pima."

Mama mwenyewe alinicheka. "Kaka, hili gunzi lina akili kuliko wewe."

Asubuhi ile ya mvua mkanda wa mashine ukateleza na kufuka moshi. Alitaka kuzima haraka, akatafuta gunzi. Muuza chai wa jirani alikuwa amelitia motoni kukolezea jiko lake. Akatumia kiganja, nacho kimelowa.

Vidole vyake viwili havikukunjika tena. Tajiri alimrudisha kwao Ndalambo na debe la unga, akaajiri mwingine, wakachagua gunzi refu zaidi. Nilikwenda kuulizia bei ya kipande cha waya cha kutosha taa ile. Tajiri alikuwa ameokoa shilingi elfu nne.